Kaya, Wastani na Mvua: Uhakiki wa Lugha ya Tafiti za Tabianchi na Kipato kwa Kuangazia Karambi, Wilaya ya Kasese

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika kueleza uhusiano kati ya kuyumba kwa tabianchi, kipato cha kaya na ukosefu wa usawa. Mifano mingi inatoka Karambi na maeneo jirani ya Bwera, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Inadaiwa kwamba maneno tuliyoyazoea, hasa "kaya", "kipato" na "kuathirika", yanaficha sehemu ya ukosefu wa usawa ambao tafiti hizo zimekusudia kuupima, ilhali Kiswahili cha wakulima na wachuuzi kina maneno yanayoutaja waziwazi.

Utangulizi

Msomaji wa ripoti za kilimo na tabianchi katika Afrika Mashariki atakuwa amekutana mara nyingi na sentensi ya namna hii: "Kuyumba kwa mvua kumeathiri kipato cha kaya na kuongeza ukosefu wa usawa." Jina la wilaya hubadilika, asilimia hubadilika, sentensi hubaki ile ile. Kisarufi haina dosari. Hata kwa maana haina kosa kubwa, kwani ni kweli kwamba mvua zisizotabirika hupunguza mavuno na kwamba maskini huumia zaidi. Lakini ukiichambua utaona kwamba mtendaji pekee ndani yake ni mvua. Kaya imekaa kama chombo cha kupokea, na ukosefu wa usawa unaongezeka wenyewe, kama maji katika pipa lililotegwa chini ya paa. Hakuna aliyeuza, aliyenunua, aliyekopesha wala aliyekataa kugawana.

Sina budi kukiri kwamba nami nimeziandika sentensi hizo. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili hojaji ya utafiti wa kipato vijijini. Nilitumia "mkuu wa kaya" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kusita. Mwenzangu, mzaliwa wa miteremko ya Rwenzori, alipoisoma rasimu aliniuliza: mwanamume mwenye wake watatu, kila mke na jiko lake na shamba lake, ni kaya moja au tatu? Nilimjibu kwamba fasili ipo mwanzoni mwa hojaji. Ilikuwapo kweli. Nilikuwa nimeitafsiri mwenyewe, lakini sikuwa nimeisoma kwa nia ya kujibu swali kama lake.

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi sasa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu matumizi rasmi ya lugha hiyo. Mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya. Karambi, iliyo karibu na mpaka wa nchi hizo mbili, itakuwa miongoni mwa mahali ambapo fomu za serikali, hojaji na miongozo ya misaada zitahitajika kwa Kiswahili. Maneno tunayoyazoesha katika makongamano leo ndiyo yatakayochapishwa kwenye fomu hizo. Neno likishachapishwa kwenye fomu, huanza kuamua nani ana sifa na nani hana.

Majira ya pwani katika milima ya Rwenzori

Nianze na mvua, kwa kuwa ndiyo inayopewa lawama. Kiswahili sanifu kina majina mazuri ya majira: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Majina haya yalizaliwa pwani, na yanafuata pepo za Bahari ya Hindi. Masika ya pwani hulingana kwa kiasi na mvua za Machi hadi Mei huko Kasese. Tatizo linaanza na vuli. Pwani, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kasese msimu wa pili huanza mapema, kwa kawaida Agosti, na kuendelea hadi Novemba. Mtafsiri anayeandika "mbegu za vuli" katika mwongozo wa wakulima wa Karambi amewachelewesha kwa karibu miezi miwili, endapo watamwamini. Hawatamwamini, bila shaka, lakini hapo mwongozo nao utakuwa umepoteza heshima yake. Afadhali kusema "msimu wa kwanza" na "msimu wa pili" na kutaja miezi.

Lipo suala zito zaidi, nalo ni kuchanganya kuyumba kwa tabianchi na mabadiliko ya tabianchi. Maandishi mengi ya Kiswahili hutumia istilahi ya pili kwa yote mawili. Theluji ya Rwenzori inaonyesha mabadiliko: mwaka 1906, msafara wa Mtemi wa Abruzzi ulipopanda mlima huo, barafu yake ilienea kilomita za mraba kadhaa, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Huo ni mwendo wa upande mmoja. Kuyumba ni jambo jingine: mwaka huu mvua imechelewa wiki tatu, mwaka ujao imekuja mapema na kwa kishindo, mwaka wa tatu imekuwa ya kawaida. Mabadiliko humpa kila mtu muda, japo mchache, wa kuhama au kubadili zao. Kuyumba hakumpi mtu muda. Humkuta mwenye akiba na asiye na akiba siku moja. Kwa hiyo kuyumba ndiko kunakohusiana moja kwa moja na mgawanyo wa kipato, na istilahi inayokumezea ndani ya "mabadiliko" imekwisha kuipoteza nusu ya mada.

Mvua yenyewe si moja. Gombolola ya Karambi ina ardhi ya vilima, na kutoka huko mtu hushuka kuelekea soko la Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unaigawa Uganda na Kasindi ya upande wa Kongo. Juu milimani mkulima hutegemea kahawa ya arabika. Mkahawa huhitaji kipindi cha ukavu, kisha mvua ya kuuamsha utoe maua. Ukavu ukikatizwa na vijimvua vya hapa na pale, maua hutoka kwa mafungu, matunda huiva kwa mafungu, na mchumaji hulazimika kurudi kwenye mti ule ule mara nyingi kwa ajili ya kikapu kisichojaa. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, kahawa huota ukungu na bei hushuka. Mizani inaweza kuonyesha kilo zile zile za mwaka uliopita huku kazi imeongezeka na fedha zimepungua.

Chini ya milima, katika sehemu kavu za wilaya, mambo hugeuka. Mkulima wa pamba huomba mvua ya kukuzia na jua la kuvunia. Ziwani Katwe, wachimba chumvi hutegemea jua likaushe maji katika majaruba yao. Mvua nyingi huyazimua na kuwaacha bila mavuno. Katika mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, ulioanzishwa miaka ya 1960, mwenye kiwanja hupata maji ya mto hata mvua ikikawia, na mahindi yake huingia sokoni bei ikiwa juu kwa sababu ya ukame uliowaunguza wengine. Mfanyabiashara wa Mpondwe mwenye ghala la maharage haogopi ukame hata kidogo. Huo ndio msimu wake. Ukijumlisha hawa wote na kuandika "kipato cha kaya katika wilaya kilipungua," umepata tarakimu sahihi isiyomfaa yeyote kati yao.

Neno "kaya"

Kaya ni neno lenye historia ndefu. Kwa Wamijikenda ni makao ya kale yaliyozungukwa na msitu, na misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Katika lugha ya utawala ya Tanzania neno lilipungua ukubwa na kuwa kizio cha kuhesabia watu: mkuu wa kaya, idadi ya kaya, na siku hizi kaya maskini, jina lililozoeleka kutokana na mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF. Kutoka hapo limesambaa katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili popote yalipo.

Fasili ya kitakwimu, nchini Uganda kama kwingineko, huwataja watu wanaoishi pamoja na kula pamoja kwa kawaida. Wazungumzaji wa Kiswahili wangesema: wanaokula chungu kimoja. Fasili hii ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaanzia jikoni. Kwa kuifuata, yule mwanamume mwenye wake watatu ana majiko matatu, basi kuna kaya tatu, naye anahesabiwa katika mojawapo. Lakini mara tu baada ya fasili huja "mkuu wa kaya", na hapo mlango unageuka. Mkuu ni nani? Mhojaji akifika, anayetoka kujibu ni mwanamume. Akishajibu, majiko matatu yamekuwa kaya moja yenye mkuu mmoja. Neno "mkuu" katika Kiswahili halibebi maana ya mwakilishi wa takwimu. Linabeba mamlaka: mkuu wa wilaya, mkuu wa shule, mkuu wa majeshi. Ukimuuliza mwanamke wa Karambi, au wa Singida, "Mkuu wa kaya ni nani?" umemuuliza nani anatawala, na atakujibu hivyo hata kama ni yeye anayelisha nyumba.

Hasara yake si ya nadharia tupu. Februari 2022 serikali ya Uganda ilizindua Mtindo wa Maendeleo ya Parishi, unaotenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka na kukopesha hadi shilingi milioni 1 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. (Parishi hapa ni ngazi ya utawala, mtafsiri aliyeandika "parokia" aliwaelekeza watu kwa padri.) Kizio cha mkopo ni kaya. Basi katika nyumba ile ya majiko matatu tafsiri ya neno moja ni tofauti kati ya milioni 1 na milioni 3, na, muhimu zaidi, ni tofauti kati ya mke wa tatu kuwa mkopaji na kuwa mtegemezi.

Wachumi wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1990 Lawrence Haddad na Ravi Kanbur walionyesha, kwa data za Ufilipino, kwamba kupuuza tofauti zilizo ndani ya kaya kunaweza kukifanya kiwango cha ukosefu wa usawa kionekane kidogo kuliko kilivyo kwa asilimia 30 au zaidi. Hata hivyo, desturi ya kugawa matumizi ya kaya kana kwamba kila aliyemo hupata fungu lake kwa haki imeendelea. Sisi wa lugha hatuna pa kujificha katika jambo hili: desturi hiyo isingepenya kwa urahisi hivyo bila neno linaloifanya nyumba ionekane kama mtu mmoja.

Kipato kisicho kipato

Neno la pili ni "kipato". Ripoti za Kiswahili husema kipato kimeshuka, pengo la kipato limepanuka. Lakini tafiti za kitaifa za Ofisi ya Takwimu ya Uganda, ambazo ndizo chanzo cha viwango vya umaskini na vya kigezo cha Gini vinavyonukuliwa, hupima matumizi: chakula kilicholiwa, hata kile cha shambani kwa makisio ya bei yake, pamoja na nguo, ada na mengineyo. Kwa kipimo hicho umaskini ulipanda kutoka asilimia 19.7 mwaka 2012/13 hadi 21.4 mwaka 2016/17, kipindi ambacho ukame ulizipiga sehemu nyingi za nchi, na Gini ikafika 0.42, mwaka 2019/20 ikawa 0.41. Zipo sababu nzuri za kupima matumizi, hasa kwa mkulima ambaye hana hati ya mshahara. Ninachohoji ni tafsiri inayoyaita matumizi "kipato".

Chukulia nyumba mbili katika mwaka wa ukame. Ya kwanza imeuza mbuzi wawili ili inunue unga. Ya pili imewanunua mbuzi hao kwa bei ya chini, kwa kuwa kila mtu anauza. Ya kwanza imekula kama mwaka jana. Ya pili pia imekula kama mwaka jana. Kwa kipimo cha matumizi hakuna kilichobadilika kati yao, na mtafiti anaweza kuandika, kwa unyofu kabisa, kwamba ukame haukuongeza ukosefu wa usawa. Ilhali mali imehama boma. Mwaka ujao nyumba ya kwanza haina cha kuuza. Badala ya mbuzi weka kipande cha shamba la kahawa, nawe utaelewa kwa nini miaka mitano ya kuyumba kwa mvua inaweza kuibadilisha ramani ya umiliki wa ardhi katika kijiji huku Gini ikitulia tuli. Katika wilaya ambako sehemu kubwa ya ardhi imo ndani ya hifadhi za taifa za Queen Elizabeth na Milima ya Rwenzori, kipande kilichouzwa hakipatikani tena kwa urahisi.

Kuna na kinyume chake, ambacho hujadiliwa kwa nadra. Mafuriko yanaweza kuwafilisi wenye nacho na wasio nacho pamoja, na pengo likapungua. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu makazi na hospitali ya Kilembe. Mei 2020 mito minne, yaani Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha, ilivunja kingo zake. Mwenye duka kando ya mto alipoteza duka, mwenye kibanda alipoteza kibanda. Kwa hesabu ya pengo, hao wamekaribiana. Kiswahili kikitafsiri hali hiyo kuwa "usawa umeongezeka," kimesema jambo ambalo kikokotoo kinalikubali na sikio la mzungumzaji linalikataa. Usawa, kwa msemaji wa lugha hii, una harufu ya haki ndani yake. Ingefaa kusema "tofauti zimepungua" na kuliacha neno "usawa" kwa siku linapostahili.

Kauli ya kutendeka

Wanafunzi wa sarufi wanajua tofauti kati ya "aliathiriwa" na "aliathirika". Kauli ya kutendwa inaacha nafasi ya mtendaji: aliathiriwa na nani, na nini? Kauli ya kutendeka inaifunga nafasi hiyo. Wakenya husema "waathiriwa wa mafuriko", Watanzania husema "waathirika", na mjadala wa lipi ni sanifu zaidi umekuwa wa kuchosha. Kwa lugha ya sera, hata hivyo, uchaguzi huu una maana. Ripoti za maafa zimejaa utendekaji: ardhi ilimomonyoka, mazao yaliharibika, kipato kilipunguka, watu waliathirika. Hata kichwa cha habari husema "maafa ya asili".

Tazama Kilembe. Uchimbaji wa shaba ulioanza kuzalisha katika miaka ya 1950 uliacha marundo ya mabaki ya madini bondeni, na Nyamwamba ukifurika huyachota na kuyapeleka chini kwenye mashamba na vyanzo vya maji. Mvua ni ya asili. Marundo yaliwekwa na watu, na nyumba za wafanyakazi zilijengwa kandokando ya mto na watu. "Maafa ya asili" ni maneno matatu yanayomwondolea mtu lawama kabla hajaulizwa. Sidai kwamba kila mto wa Kasese una historia hiyo. Lhubiriha una yake, ya kilimo cha miteremko na ujenzi wa mji wa mpakani. Nadai kwamba kauli ya kutendeka huifanya mito yote iwe na historia moja.

Maneno tuliyoyaacha sokoni

Sasa nifike kwenye maneno ambayo tafiti zetu huyakwepa. Huko Kagera, nchini Tanzania, kuna neno butura. Mkulima aliyebanwa na njaa au ada ya shule huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ndogo. Msimu ukifika mavuno ni ya mnunuzi. Viongozi wa serikali wameikemea biashara hiyo mara kwa mara, na mkulima wa Kagera hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kusini, katika mikoa ya korosho, kuna kangomba: mnunuzi huwafuata wakulima nje ya mfumo rasmi na kununua kwa kipimo na bei anayoipanga mwenyewe, hasa wakati mkulima hana kitu mfukoni. Mwaka 2018 neno hilo lilitawala habari za taifa zima.

Maneno haya mawili hufanya kazi ambayo "kuathirika" haiwezi. Ndani ya butura mna watu wawili, wakati, bei na mahitaji. Mna pia tabianchi: mvua ikiyumba, muda kati ya njaa na mavuno hurefuka, na kadiri unavyorefuka ndivyo anayeuza maua anavyoongezeka na bei ya maua inavyoshuka. Hivi ndivyo kuyumba kwa mvua kunavyogeuka kuwa ukosefu wa usawa. Ndicho kiungo ambacho sentensi niliyoanza nayo imekiruka. Kuuza kahawa ikiwa maua si jambo la Kagera pekee. Wakulima wa kahawa wa Uganda wanalijua, Kasese ikiwamo, na wanalo jina lake katika lugha zao. Hoja hii ina undugu na ile ya Amartya Sen ya mwaka 1981, kwamba watu hufa njaa kwa kukosa njia ya kukifikia chakula hata pale kilipo. Tofauti ni kwamba mkulima wa Kagera ameifupisha kwa neno moja.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba maneno kama haya ni ya mitaani, yana hukumu ndani yake, na sayansi hutaka istilahi zisizoegemea upande. Nalikubali kwa sehemu. Si kila anayenunua kahawa ikiwa maua ni mnyonyaji. Wengine ni majirani waliokopesha wakati hakuna benki ambayo ingekopesha, nao hubeba hatari ya mvua kuliangamiza zao lote. Lakini "pengo la kipato" nalo si neno lisiloegemea upande. Pengo ni nafasi ya jino lililong'oka: lipo, linaonekana, na hatuulizi nani aliling'oa. Kati ya neno linalomhukumu mtu mapema mno na neno linalozuia hata swali, mtafiti anaweza kuanza na la kwanza na kulirekebisha kwa ushahidi. La pili halimpi pa kuanzia.

Katika Kiswahili cha soko la Mpondwe, ambako mvua ni mvula kwa mnunuzi wa Kongo na embula kwa muuzaji anayezungumza Lhukonzo, mazungumzo ya bei yana wingi wa vitenzi vyenye watendaji: kanikata bei, kanishikia mzigo, kanilipa nusu. Ni Kiswahili ambacho walimu wetu wangekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa uchumi wa mvua, kina taarifa nyingi zaidi kuliko ripoti.

Mti wa Bukonzo

Mfano mmoja wa mbinu iliyolikwepa neno "kaya" uko Kasese kwenyewe. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, chenye makao Kyarumba, kilishirikiana na Oxfam Novib katika mbinu ya kujifunza kwa michoro, ambapo mume na mke huchora mti. Mizizi huonyesha kazi za kila mmoja, shina huonyesha nani anamiliki nini, na matawi huonyesha nani anatumia fedha kwa ajili ya nini. Mti ukielemea upande mmoja, wachoraji wenyewe wanauona ukielemea. Waliochora waligundua kwamba mizizi ya kahawa ilikuwa mizito upande wa wanawake na matawi yalikuwa mazito upande wa wanaume. Baadhi yao wakaanza kuandika mikataba ya ardhi kwa majina ya wote wawili.

Kwa mhakiki wa lugha, mti huu unavutia kwa sababu umeitenganisha kaya kuwa watu bila kuivunja nyumba. Pia unaweza kujibu swali ambalo hojaji hulikwepa: kahawa ikiiva kwa mafungu na kuchumwa mara sita badala ya mara tatu, nani amerudi shambani mara tatu za ziada, na fedha zimeingia katika mkono upi? Ikiwa aliyeongezewa kazi ni mke na aliyepokea fedha ni mume, kuyumba kwa mvua kumeongeza ukosefu wa usawa ndani ya nyumba ambayo jumla ya matumizi yake haikubadilika hata shilingi. Mti una udhaifu wake: haujumlishiki kitaifa kwa urahisi, na mume anayechora mbele ya majirani huenda akachora mume mwema. Hata hivyo hojaji nayo hujibiwa mbele ya majirani, na haituonyeshi mzizi hata mmoja.

Hojaji inayowezekana

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kutoka makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kusawazisha istilahi hizi kabla nchi moja moja hazijachapisha zake. Ningependekeza itenge "kuyumba" na "mabadiliko" ya tabianchi kuwa vidahizo viwili. "Matumizi" yaitwe matumizi. Na "mkuu wa kaya" iondolewe katika hojaji na nafasi yake ichukuliwe na "anayejibu", pamoja na maswali ya kawaida ambayo mkulima wa Karambi angeyaelewa bila mkalimani: Tangu mvua iliyopita, mmeuza nini ambacho hamkukusudia kukiuza? Nani alikinunua? Bei aliipanga nani? Fedha alizishika nani? Maswali manne hayaongezi gharama kubwa katika utafiti wa nchi nzima, na majibu yake yanahesabika.

Kuhusu mwanamume mwenye wake watatu, fomu ya Kiswahili ihesabu majiko na iandike jina la mwenye jiko. Mikopo ya parishi itakuwa mitatu pale ilipokuwa mmoja. Wizara ya fedha inaweza kukataa kwa sababu ya bajeti, na hiyo ni sababu inayoeleweka, mradi iandikwe kwenye mwongozo kuwa ni sababu ya bajeti, isiachiwe neno "kaya" liikatae kwa niaba yake.